Sanduku la Makufuli Matatu

Chini ya kitanda cha mama, nyumbani kwetu Karatu, kuna sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Mama ndiye anayelitunza, lakini hana ufunguo hata mmoja. Funguo wanazo wanawake wengine watatu, kila mmoja na wake, na sanduku halifunguliwi mpaka wote wawepo. Nilipokuwa chuo kikuu nilidhani hiyo ni dalili ya kutoaminiana. Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa aibu.

Kikundi kina wanawake 24. Kila Jumatano wananunua hisa, moja shilingi 2,000, na mwisho ni hisa tano. Mwanachama anaruhusiwa kukopa mara tatu ya akiba yake. Riba haiendi benki, inabaki kikundini na mwisho wa mzunguko wanagawana. Pembeni kuna mfuko wa jamii: msiba, mgonjwa, mtoto aliyekosa sare. Wengi wao wanaitegemea ile lami inayotoka Makuyuni hadi lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Huyu anapeleka mayai hotelini, yule mboga, mwingine anauza shanga, mwingine vitunguu vya Mang'ola.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeandika makala nyingi zenye maneno "kumwezesha mwanamke". Nimeandika kuhusu Baraza la Wanawake wa Jamii ya Kifugaji, lililoanzishwa mwaka 1997 kule Loliondo na wanawake wa Kimaasai, akiwemo Maanda Ngoitiko, ambalo lina vikundi vya akiba na shule ya sekondari ya Emanyata. Majina na miaka nilikuwa nayo kichwani. Nikaona nimeshaelewa hizi biashara za kijamii.

Februari 2020 nilitaka kamera. Mama akakopa shilingi 900,000 kwa jina lake, akanipa. Nikaahidi kulipa kwa miezi mitatu.

Machi ikaja korona. Ndege zikasimama, hoteli zikafunga. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Pale Karatu hukuhitaji takwimu. Ulikuwa unaona trei za mayai zimepangwa ukutani hazina mnunuzi. Nami huku Arusha mshahara ukakatwa nusu. Nikaanza kutopokea simu za mama.

Juni kikundi kikaniita. Nilikwenda nikidhani nitaongea kidogo, wataelewa, si ni mama zangu hawa? Nikasalimia shikamoo zote, nikaeleza habari za uchumi wa dunia. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mmoja muuza mboga akasema, taratibu kabisa:

"Mwanangu, hela hii siyo ya mfadhili. Ya mfadhili ikipotea, inaandikwa ripoti. Hii ikipotea, mwenzetu anakosa mtaji wa kesho."

Waliokuwa na mayai waliongezewa muda bila faini, kwa sababu soko lao lilikufa na kila mtu aliliona. Mimi sikuongezewa. Nilikuwa na nusu mshahara, na nilikuwa na kamera. Hisa za mama zikashikiliwa mpaka nimalize deni. Mama alikuwa amekaa palepale, hakunitetea. Mkono ulipopigwa kura, na wake ulikuwa juu.

Niliuza kamera. Baki nililipa kidogo kidogo mpaka Desemba. Wenzake walipogawana, mama alipata pungufu, na bati za jiko alizokuwa amepanga kununua zikasubiri mwaka mwingine. Hajawahi kunisema. Ila kila nikienda likizo mvua ikinyesha, ananiomba nisogeze sufuria pale panapovuja.

Tangu hapo nauliza maswali tofauti ninapokutana na kikundi cha wanawake. Zamani nilikuwa nauliza, "Nani amewasaidia?" Sasa nauliza mtu asipolipa wanafanyaje. Hapo ndipo unajua kama ni biashara au ni mradi wa kupigia picha. Aprili 2023 serikali iliposimamisha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nilijua vikundi vilivyokaa vikisubiri hadi ilipofunguliwa tena mwaka 2024. Sanduku la kwetu liliendelea kufunguliwa kila Jumatano. Makufuli yale hayapo kwa sababu hawaaminiani. Yapo ili hata mwanao akilia, mkono wako peke yako usitoshe kufungua.

Mwaka jana waliniomba niwapitie daftari la hesabu kabla ya kugawana, kwa kuwa "wewe ni msomi". Nilifurahi kupita kiasi. Basi la kutoka Arusha likachelewa Mto wa Mbu, nikafika kikao kimeanza dakika ishirini. Mwenyekiti akanipokea kwa tabasamu, akanipa kiti, akanimiminia chai. Halafu akanyoosha bakuli la faini.

Shilingi 500. Mama alikuwa anaangalia nje ya dirisha.