Picha Zisizo na Majina



Wengi wenu mmeniuliza kwa nini watoto wa darasa langu wanarudi nyumbani na kuongea juu ya gofu. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwalimu, kijana wangu amepima shamba langu la maharagi, anasema halitoshi hata shimo moja. Shimo la nini?" Basi nitaeleza, maana habari hii ilianzia kwenye maandazi na ikafika mpaka kwenye barza ya wazee.

Ilikuwa soko la Butembo, siku ya mvua. Mama muuzaji alinifungia maandazi ndani ya karatasi nzito yenye kung'aa. Nilipoifungua niliona majani ya kijani yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto, na madoa meupe kama maharagi yaliyomwagika, na bahari pembeni. Ilikuwa kalenda ya zamani iliyotoka ng'ambo. Nilirudi kwake nikamwomba karatasi zilizobaki. Alicheka sana, kisha akaniuzia karatasi saba kwa bei ya maandazi matano. Sehemu ya chini, penye jina la mahali na tarehe za mwezi, alikuwa amekwisha kuikata. Kwa hiyo nilikuwa na picha saba zilizopigwa kutoka angani, na hata moja haikuwa na jina.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Wakati wa masomo yangu ya pedagojia tulikuwa na kitabu kimoja tu cha picha za angani kwa darasa zima, na mimi nilikishika mara mbili. Niliona afadhali watoto wangu wapate hata picha za mchezo wa matajiri kuliko kukosa kabisa.

Nilibandika ya kwanza ubaoni na kuuliza: hii ni nini? Mmoja alisema mabwawa ya samaki. Mwingine alisema makaburi. Kijana ambaye baba yake huchimba dhahabu alisema ni mgodi, kwa sababu ya yale mashimo. Msichana wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza: "Madamu, hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna njia ya kwenda mtoni. Nani anakula hapa?"

Swali lake lilikuwa jibu zuri kuliko yote. Uwanja wa gofu hutambulika kwanza kwa hilo: ni mahali pakubwa pa kijani ambapo hakuna anayelima wala kuchunga. Uwanja kamili una mashimo 18, na mara nyingi unachukua hekta 50 au zaidi. Ukitazama vizuri utaona njia ndefu za majani, kila moja ikiishia kwenye duara la majani mafupi kabisa, na humo ndimo kilimo kishimo chenye bendera. Madoa meupe ni mashimo ya mchanga, yaliyowekwa makusudi ili kumsumbua mchezaji. Darasa lilishangaa hapo. Sisi tunaoondoa mawe shambani kila msimu, kuna watu wanaolipa ili wawekewe vizuizi.

Kisha tulianza kutafuta majina. Nilinunua mega za siku tatu, na kila jioni nililinganisha karatasi zangu na ramani za setelaiti kwenye telefone. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza alinisaidia. Kati ya saba tulitambua nne.

Mmoja ulijulikana kwa sababu ya kisiwa. Duara la majani limezungukwa na maji karibu pande zote, na kuna kinjia chembamba tu cha kupita. Ni shimo la 17 la uwanja wa Sawgrass, Florida, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1980. Mchoraji wake alikuwa Pete Dye. Wajenzi walikuwa wamechota mchanga mzuri pale mpaka likabaki shimo kubwa, na mzee hakujua alifanyie nini. Mke wake, Alice Dye, ndiye aliyesema: lijazeni maji, acheni kisiwa. Leo ni shimo linalopigwa picha sana duniani, na watu humsifu bwana. Niliwaambia wasichana wangu waandike jina la Alice kwenye daftari.

Mwingine ulikuwa na miti mirefu ya misonobari na mchanga mweupe sana: Augusta, katika jimbo la Georgia, kulekule Marekani. Mahali hapo palikuwa shamba la miche ya miti na maua kabla ya kuwa uwanja. Chama chenye uwanja huo hakikupokea mwanamke hata mmoja kuwa mwanachama mpaka mwaka 2012. Mmoja wa wawili wa kwanza alikuwa Condoleezza Rice, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Hebu fikirini, alikuwa amekwisha kuzungumza na marais wa dunia nzima. Wa tatu, Pebble Beach wa California, tuliutambua kwa majabali yanayoingia baharini.

Wa nne ndio uliotuchukua siku nyingi. Haukuwa mzuri. Majani yake yalikuwa na rangi ya nyasi kavu, mashimo ya mchanga yalikuwa madogo kama alama za ndui, na vivuli vya nyumba za mawe vilikuwa virefu mno. Nilisema: angalieni vivuli. Hapa kwetu mstari wa Ekweta unapita kati ya Butembo na Lubero, na saa sita za mchana, mwezi wa tatu au wa tisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Kwa hiyo kivuli kirefu ni dalili ya nchi iliyo mbali na Ekweta. Kijana mmoja alinipinga: "Ao walipiga picha asubuhi, Madamu." Ni kweli, kivuli peke yake hakitoshi. Lakini palikuwa na daraja dogo la mawe juu ya kijito, na barabara iliyokata uwanja katikati. Daraja lile ndilo lililotupa jina: St Andrews, Scotland, penye uwanja wa zamani na maarufu kuliko yote. Gofu ilichezwa katika nchi hiyo tangu zamani, hata mwaka 1457 bunge la mfalme lilipiga marufuku mchezo huo kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde.

Kilichonigusa ni ile barabara. Ni ya watu wote. Na siku ya Jumapili, kwa kawaida, wachezaji hawaruhusiwi. Wenyeji wa mji wanatembea pale na watoto na mbwa wao, kwa sababu ardhi ile tangu zamani ni ya mji. Uwanja mkubwa kuliko yote hauna ukuta!

Hapo wanafunzi waliuliza kama kwetu viko. Wale wamama wanaopita Kasindi kwenda Kampala kuleta vitenge wamekwisha kuona kimoja bila kujua: lile bonde la kijani katikati ya mji, kati ya kilima cha Nakasero na kile cha Kololo. Entebbe pia kuna kimoja, karibu na ziwa na bustani ya mimea. Nairobi kuna uwanja wa Royal Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1906, na pembeni yake ni Kibera. Mpiga picha Johnny Miller, ambaye hurusha kamera kwa droni, amepiga picha ya mahali hapo. Upande mmoja kuna kijani kitupu. Upande wa pili mabati yamebanana mpaka huoni udongo. Hakuna haja ya maneno chini ya picha hiyo.

Lakini iliyotunyamazisha ni ya nchi yetu wenyewe. Tafuteni Kinshasa kutoka juu. Kati ya Gombe na mitaa ya zamani ya watu weusi kuna kipande cha kijani, uwanja wa gofu, na karibu yake bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Havikuwekwa pale kwa bahati. Wakati wa Wabelgiji, mji wa wazungu ulitengwa na mji wa Waafrika kwa ukanda mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wanaobeba malaria wasiweze kuruka kutoka kwetu kwenda kwao. Gofu ilikaa ndani ya ukanda huo. Kumbe kijani kile kilikuwa mpaka. Tangu siku hiyo sikutazama tena katikati ya picha kwanza. Ninaanza na kando.

Na Musienene je? Tuliitafuta pia. Unaona barabara kuu, paa la kanisa, paa za hospitali na za shule, halafu vilima vilivyokatwa vipande vidogo kama kitenge cha viraka: ndizi, mihogo, maharagi, na miraba myeusi ya mikaliptusi. Hakuna nafasi tupu. Wengi wetu tunalima chini ya hekta moja. Uwanja mmoja wa gofu ungemeza jamaa zaidi ya hamsini. Mwanafunzi mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Kanyabayonga aliomba tutafute kwao. Tulifuata barabara mpaka tukaona paa. Alifurahi sana, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia papo hapo kwamba picha ile ilipigwa kabla ya vita kufika. Nilimwambia kesho yake. Alisema alikuwa amekwisha kujua, kwa sababu mti wa avoka ulikuwa bado umesimama.

Sasa nafika kwenye barza. Mmoja wetu, mjane, amenikubalia niandike habari yake bila jina. Shemeji yake anasema kipande cha mikaliptusi chini ya kilima ni cha marehemu baba yao, kwamba miti ilipandwa kabla mama huyu hajaolewa. Mama anasema alipanda yeye na mume wake, mwaka mtoto wao wa pili alipozaliwa. Hakuna karatasi. Mnajua wenyewe: tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya Serikali, lakini huku kwetu shamba linashikwa kwa neno la wazee na kwa miti ya mpaka, na wazee waliosikia neno wanakufa.

Mtoto wake yuko darasani kwangu. Ndiye aliyemwambia, "Mama, Madamu anaweza kuona zamani." Si kweli, mimi si mganga. Lakini Google Earth kwenye kompyuta huhifadhi picha za miaka iliyopita. Tulipanda moto, mimi na mama huyu, mpaka Butembo, tukalipa saa moja kwenye nyumba ya kompyuta. Picha moja ilikuwa na mawingu nusu nzima. Nyingine, iliyopigwa miaka miwili baada ya ndoa, ilikuwa safi: pale penye mikaliptusi palikuwa na matuta, rangi ya udongo, bila mti hata mmoja. Picha ya miaka mitano baadaye ilionyesha vidoa vidogo vyeusi vimepangwa kwa mistari. Mama alitazama mistari ile akaanza kuhesabu kwa kidole. "Huu wa mwisho umepinda," alisema. "Nilikuwa na mimba, nilichoka, nikamwambia tuache hivyo."

Tulichapisha picha mbili tukazipeleka kwenye barza. Mzee alizishika karibu na macho, akazigeuza. Kisha akaniuliza, "Binti yangu, mashine yako inajua jina la aliyepanda?"

"Haijui, Baba. Inajua tu kwamba wakati ule miti haikuwepo."

Shemeji alisema picha za telefone zinatengenezwa, kila mtu anajua hivyo. Sikumlaumu. Mimi pia nimeona picha za uongo zikizunguka kwenye WhatsApp. Nilimjibu kwamba yeyote anaweza kwenda Butembo kufungua mahali palepale, na kwamba niko tayari kupanda moto pamoja naye.

Mzee hakutoa hukumu. Alisimama akasema twende shambani. Tulishuka wote, kama watu kumi na watano, mzee akiwa na picha ndani ya koti. Alitembea kando ya miti mstari kwa mstari. Alipofika kwenye ule wa mwisho alisimama, akautazama mpaka mwisho wake, akatoa picha, akautazama tena. Mstari umepinda. Hakusema neno juu ya jambo hilo. Aliwaita vijana wawili waonyeshe mahali mti wa mpaka wa zamani ulipokuwa, nao walionyesha mahali tofauti.

Tulipokuwa tunapanda kurudi aliniuliza kwa sauti ndogo kama mashine ile inaweza kuonyesha shamba la baba yake, kama lilivyokuwa alipokuwa mtoto. Nilimwambia haifiki huko nyuma.

Barza itakaa tena Alhamisi saa tatu asubuhi. Picha ziko kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Amewaomba wale wanaokumbuka mwaka ule wa kupanda waje, hata kama wanakumbuka kidogo.