Aliyetamba Hakuruka
Mimi mtoto wa Lionja, Nachingwea. Kwetu kwenda juu ni kupanda mwembe tu! Basi mume wangu aliponipeleka Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, mita 2,400 hivi juu ya bahari, nikajua nimekwisha. Njia nzima alitamba: "Mke wangu, leo utaniona angani!"

Tukasubiri jua lipashe bonde, hewa ya moto ipande. Ndiyo inayobeba parachuti. Zamu yake ikafika, mikono ikamtetemeka.

"Mwenzangu, naogopa."

Miaka mitatu ya ndoa, sijawahi kumsikia akikiri hivyo. Nikafungwa mikanda pamoja na rubani, tukakimbia hatua chache, ardhi ikaisha. Nililia, nikacheka.

Shosti, niliruka mimi, lakini jasiri alikuwa yeye.