FIMBO MBAYA YA ANKO ILIYOTAKA KUMGOMBANISHA NA DADA YAKE

Mastaa leo wapumzike kidogo wadau, stori iko baharini.

Kuna mzee mmoja hapa Dar, jina linabaki kapuni, mtaani kila mtu anamwita Anko. Anavua kwa mshipi kutoka kwenye mawe ya Coco Beach, na ana fimbo moja ya kuvulia ambayo ukiiona utacheka. Rangi imechujuka na mpini umefungwa solteipu nyeusi. Ni Ugly Stik ya kampuni ya Shakespeare ya Marekani, na jina lenyewe ni kama tusi: fimbo mbaya wa sura. Zilianza kuuzwa mwaka 1976 na mpaka leo wavuvi wanazitafuta.

Kwa nini? Shina lake limechanganywa faibaglasi na grafaiti, na ncha ni faibaglasi tupu. Grafaiti ni nyepesi, mkono unasikia hata samaki akionja tu chambo. Ila ukiigonga kwenye jiwe inaweza kupata ufa usiouona, halafu siku samaki mkubwa akivuta, paa! Faibaglasi ni nzito kidogo lakini inapinda sana na inavumilia kugongwa. Kwa mtu anayevulia kwenye mawe, hiyo siyo ishu ndogo.

Kabla ya hapo Anko alishavunja fimbo tatu za bei chee. Hii ya nne haijamwangusha. Mwaka aliopunguzwa kazi, kolekole na changu waliotoka kwenye fimbo hiyo ndio waliolipa ada ya binti yake. Sasa mwambie mtu kama huyo akuazime!

Mpwa wake akajaribu. Kijana wa mjini, alinunua fimbo ya kaboni ya laki tatu, mkwanja wa kikoba cha mama yake. Picha alipiga za kutosha. Mwezi haujaisha fimbo ikakatika vipande viwili, samaki akaenda zake, deni likabaki. Kijana akaenda kwa mjomba wake.

"Shikamoo Anko. Naomba ile fimbo yako Jumamosi nijaribu kurudisha hela ya mama."

"Marahaba. Hapana, mwanangu."

Hakuna maelezo, hakuna nini. Jioni simu ikaita, dada mtu huyo: "Kaka, yaani fimbo na mwanangu, wewe unachagua fimbo?" Akakata. Wiki mbili hawakuongea, na hawa ni ndugu wa tumbo moja.

Jumamosi ya tatu Anko mwenyewe akampigia kijana. Walipofika kwenye mawe alimpa kipande cha pamba, akamwambia apitishe kwenye kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa ujue pete ina ufa, na ufa huo ndio unaokata mshipi. Akamwonyesha kulegeza breki ya rili ili samaki akikimbia mshipi utoke. Akamwambia fimbo hailazwi juu ya mawe, na ikirudi nyumbani inaoshwa kwa maji ya bomba, maana chumvi inakula pete na rili.

Maji yalipojaa, kolekole akabeba chambo. Anko hakushika. Akamsukumia kijana fimbo mkononi.

Kijana akafanya kama alivyofanya na ile ya kaboni: akainyanyua mpaka ikasimama wima na kuvutwa nyuma ya kichwa.

"Shusha! Ukiisimamisha hivyo mzigo wote unabebwa na ncha. Shusha, shina lifanye kazi!"

Akashusha. Fimbo ikapinda kama upinde, mshipi ukalia, kijana jasho linamtoka. Baada ya muda kolekole akalala kwenye mawe, mnene hasa.

"Anko, hii haivunjiki kabisa!"

"Inavunjika. Kila kitu kinavunjika. Mimi naiamini kwa sababu najua inapinda mpaka wapi. Wewe ulikuwa hujui, ndiyo maana nilikunyima."

"Sasa si ungesema tu, Anko?"

Mzee akakaa kimya. Hapo kijana alimpata, na Anko alijua. Mtu anaweza kuitunza fimbo miaka yote hiyo, akashindwa kumpa mpwa wake sentensi moja ya maelezo.

Samaki alipelekwa mzimamzima kwa dada. Nusu iliuzwa, hela ikaingia kikoba, japo deni bado refu. Nusu ikapikwa ya nazi, na kaka mtu akaitwa kula. Fimbo imebaki kwa Anko, ila sasa Jumamosi wanaenda wawili na wanapokezana.

Haya wadau, mwageni maoni: Anko alikuwa sahihi kunyima, au fimbo ni fimbo na damu ni damu?