Kutoka Daftari hadi Kadi

Matibabu ya bure yalikuwa miongoni mwa ahadi kubwa ambazo Tanzania iliwapa raia wake baada ya Azimio la Arusha la 1967. Zahanati zilijengwa vijijini, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zikapigwa marufuku. Walioishi miaka hiyo wanakumbuka mgonjwa akienda zahanati na daftari tu, lile la wanafunzi. Mganga aliandika humo ugonjwa na dawa, mgonjwa akalipeleka dirishani, akarudi nyumbani na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. Huduma ile ilikuwa na upungufu mwingi, lakini haikumlazimu mtu auze mbuzi ndipo atibiwe.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, madirisha yale yalianza kukaukiwa dawa. Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, na kuanzia 1993 uchangiaji gharama uliingia katika hospitali kubwa za serikali, kisha ukashuka ngazi kwa ngazi. Kufungua faili, kumwona daktari, kupima damu, kupiga picha: kila hatua ikawa na risiti yake. Misamaha ilikuwapo kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Hata hivyo, mama wengi waliokwenda kujifungua waliambiwa waje na glavu, pamba, wembe na uzi wa kufungia kitovu, na mzee asiye na kitu alitakiwa kwanza atafute barua ya mtendaji wa kijiji.

Bima ililetwa ili kuondoa adha hiyo ya kulipa mtu akiwa tayari kitandani. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa wilayani Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, ukiwahudumia watumishi wa umma kwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwa mtumishi na nusu ikitolewa na mwajiri. Kwa makato hayo mtumishi alitibiwa pamoja na mwenza wake na wategemezi wanne. Jirani yake mkulima au mama lishe hakuwa na mshahara wa kukatwa.

Kwa hao zilikuja njia nyingine, za kujiunga kwa hiari. CHF iliyoboreshwa iliandikisha kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa ilimkatia mtoto mmoja bima kwa 50,400. Vifurushi vya bima vilivyoanzishwa na mfuko huo Novemba 2019 vilianzia 192,000 kwa kijana mmoja, fedha ambazo mtu wa kipato cha kubangaiza hazipati kwa mkupuo.

Chanzo cha bei hizo kuwa kubwa kimo katika hiari yenyewe. Mtumishi hukatwa kila mwezi, awe mzima au mgonjwa, ilhali asiye na ajira rasmi mara nyingi hujiunga ugonjwa ukishabisha hodi. Mfuko wa hiari hujaa wanaohitaji matibabu leo, na kisukari, saratani na usafishaji wa damu ni tiba za gharama kubwa. Ndiyo maana Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja katika Toto Afya Kadi ulisitishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule. Wazazi waliokuwa na watoto wenye maradhi ya kudumu waliumia zaidi, na kilio chao kilikuwa cha haki.

Wakati huo serikali ilikuwa tayari imependekeza bima ya lazima. Kiwango kilichotajwa mwaka 2022, shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, kilizua mjadala mkali, na muswada haukupita mara ya kwanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima na inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, wenye vyanzo vyake katika kodi. Kabla mfuko huo haujamlipia mtu, lazima athibitishwe kuwa hajiwezi, kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na barua ya mtendaji.