Mipaka ya Mombasa

Kazi ya kupima ardhi niliianza Mombasa katika miaka ya 1950, wakati mnyororo wa futi 66 wenye pingili mia moja ulipokuwa ungali ndio kipimo cha viwanja, nami nikafunzwa kusoma hati za kale kabla ya kuruhusiwa kuigusa darubini. Katika hati hizo, zilizoandikwa mbele ya makadhi, shamba lilielezwa kwa jiha zake nne: kibla minazi ya fulani, suheli njia ya kisimani, matlai bahari, magharibi shamba la warithi wa fulani, na maelezo hayo yalitosheleza maadamu mashahidi wako hai na minazi imesimama.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wapeleke madai yao yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa milki ya Serikali. Na kwa kuwa wengi habari haikuwafikia, wajukuu wao huitwa maskwota katika ardhi walimozikwa babu zao, dhulma ambayo sikupata kuizoea kila niliposimika bikoni karibu na kaburi.

Kwa hiyo kila aliyenijia akitaka kununua nyumba nilimsihi asiridhike na jina lililomo katika hati, bali aichukue ramani yake, atembee nayo hadi kila bikoni ionekane, na masafa baina yake yapimwe, kabla hajatoa hata arubuni. Tena aulize ardhi ni ya nani, kwani Mombasa ni ada ya tangu zamani mmoja kumiliki nyumba na mwengine kumiliki ardhi iliyo chini yake.

Namkumbuka mjane mmoja aliyekuwa akiuza nyumba ya urithi. Tulipoifukua bikoni ya nyuma, ikadhihirika kuwa jiko lote limo katika kiwanja cha jirani.

“Bwana mpima,” akaniuliza, “jiko hili alilijenga marehemu, na babake jirani akishuhudia. Leo vipi si langu?”

“Mama, ridhaa ya marehemu hao haimo katika ramani,” nikamjibu, “lakini ya walio hai yaweza kuandikwa.”

Jirani akaitwa, akaja na nduguze, wakaridhia kumuuzia kipande kile kwa thamani waliyoipatana mbele ya wazee wa mtaa. Nikapima upya, ramani ikapelekwa kuidhinishwa, na mnunuzi, aliyekuwa mtu wa subira, akangoja hadi ilipotoka, ndipo akalipa.