Chimbuko la Mississippi

Alfajiri moja ya mwezi wa Septemba tuliondoka Minneapolis, mimi na mwenyeji wangu, tukashika njia ya kaskazini. Na baada ya mwendo wa saa nne hivi, mashamba yalipokwisha na misonobari ikaanza kutusonga pande zote mbili, ndipo tulipowasili Itasca, hifadhi kongwe kuliko zote za jimbo la Minnesota, iliyoasisiwa mwaka 1891.

Mto Mississippi nilikuwa nikiutazamia kwa kishindo na haiba. Kumbe pale utokapo ziwani haukunipita magoti. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikavuka kwa hatua chache baina ya mawe yenye utelezi, baridi ikinipenya nyayo, ilhali ng'amboni gogo lililosimikwa lanijuza, kwa maandishi ya kuchonga, kwamba maji yale yale yana safari ya maili 2,552 hadi Ghuba ya Meksiko.

Yasemwa kwamba chimbuko hili "liligunduliwa" mwaka 1832 na Henry Schoolcraft, ambaye alilibuni jina la Itasca kwa kukatakata maneno mawili ya Kilatini, veritas na caput, yaani kweli na kichwa. Lakini aliyemwongoza hata akafika ni Ozaawindib, mmoja wa Waojibwe, ambao tangu zamani walikuwa na jina lao la ziwa hilo, jina la kulungu mkubwa wa kule. Hapo nikamkumbuka Sidi Mubarak Bombay wetu, aliyefuatana na mpelelezi Speke mwaka 1858 hadi ukingoni mwa ziwa la Nyanza, nalo likaja kuitwa Victoria.

Alasiri tuliingia msituni. Niligusa gome la msonobari mmoja mwekundu, magamba yake mapana yakabanduka kama vigae vyembamba, na mkono ukabaki na harufu ya ulimbo. Miti hiyo ilipata mtetezi mwaka 1903, pale msichana wa miaka 24, Mary Gibbs, aliyekuwa mwangalizi wa hifadhi, aliwakabili wakata magogo wenye silaha, ambao bwawa lao lilikuwa likiufurikisha ufuko wa ziwa, akadai maji yafunguliwe.

Basi msomaji, ukijaaliwa kufika Itasca, usimtaje Schoolcraft kabla ya Ozaawindib, wala usiondoke pasina kulitaja jina la Mary Gibbs.