Nyaya mbili, sauti moja

Goma – Kwa familia iliyokimbia vita, tangazo la mtoto aliyepotea haliwezi kungoja. Ndiyo sababu fundi wa redio moja ya mtaa hategemei waya mmoja.

Kati ya ordinatere inayotunza vipindi na swichi, fundi huyo amechomeka nyaya mbili kwenye matundu mawili. Kisha amepanga mashini zote mbili zizihesabu kuwa njia moja. Utaratibu huo, LACP, uliwekwa kimataifa mwaka 2000. Kila mashini huitumia nyingine ujumbe mfupi mara kwa mara, kuhakikisha kwamba ingalipo. Panya akikata waya mmoja, kazi yote huhamia kwa ule mwingine, na mama anayesikiliza huko alikohifadhiwa na jamaa hajui kitu.

Wenzake hudhani mbio imeongezeka maradufu. Yeye huwajibu hivi: barabara ya pili hupitisha magari mengi pamoja, ila gari moja haliendi mbio zaidi. Nyaya mbili za gigabiti 1 kwa sekunde hubeba 2 kwa watu wengi. Faili moja hubaki na 1. Intaneti inayotoka nje haiongezeki hata kidogo.

Tena hazipitishi pamoja: mmoja hupita darini, mwingine ukutani. Swichi ameiwekea betri, maana umeme ukikatika nyaya zote mbili hunyamaza. Kuwa na mbili hakusaidii ikiwa zote zinaegemea kitu kimoja.